Mwaka Makisio Yalipopigiwa Ngoma

Mimi nilikuwa mtunga sheria. Wajukuu zangu wakisikia hivyo huangua kicheko, kwa sababu wao wanamjua mtunga sheria wa siku hizi, mwenye suti na kiti kinachozunguka. Mimi nilikuwa na kigoda changu mwenyewe, nilichokibeba begani kutoka nyumbani, na mjumbe aliyesahau kigoda alikaa chini kwenye mavumbi na hoja zake zote. Lakini tulitunga sheria, tuligawa fedha, tuligombana, na tulichelewa. Nijuavyo mimi, kazi hiyo haijabadilika.

Nilikuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya Mtemi, huku upande wa Mhunze. Ilikuwa ni miaka ile vijana wetu walipoanza kukimbilia Geita kuchimba dhahabu, wakirudi na suruali ndefu na maneno mengi. Waingereza walikuwa wameturudishia fungu la kodi yetu wenyewe, wakaliita Hazina ya Wenyeji, wakatuambia tuamue wenyewe litumikeje. Kumwambia Msukuma aamue mwenyewe jambo lake ni kumheshimu. Kumwambia aliamue kabla ya siku fulani ni kumtafutia ugomvi na ndugu zake.

Kila mwaka tulipaswa kupitisha makisio, yaani mpango wa matumizi ya mwaka mzima. Mtemi aligonga muhuri, Bwana Shauri, yaani Mwingereza mkuu wa wilaya, akaweka sahihi, kisha akayapeleka kwa mkubwa wake Mwanza kwa garimoshi. Makisio yakikosa muhuri siku ile Bwana Shauri anaondoka, basi. Hakuna senti inayotoka, si ya barabara, si ya tarishi, si ya karani, si yetu sisi wanangwa, wala ya Mtemi mwenyewe. Bwana Shauri alituonya kwamba baraza litafungwa mlango. Lilikuwa halina mlango, lakini tulimwelewa.

Mwaka ninaousimulia, baada ya mishahara na barabara, fedha iliyobaki ilitosha kitu kimoja tu. Mimi nilitaka kisima cha saruji kijijini kwangu, chenye mfuniko na kapi la kuvutia ndoo. Shemeji yangu alitaka mabati.

Huyu shemeji alikuwa kaka wa mke wangu na mwanangwa wa kijiji cha jirani. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti kubwa na maneno ya kuudhi. Kwetu shemeji ni mtu wa utani. Unaweza kumtukana mbele ya Mtemi, na jioni akakuomba ugoro kama kwamba hakuna lililotokea. Tena ng'ombe niliowatoa mimi kumwoa dada yake ndio hao hao aliowatoa yeye kumwoa mkewe. Ndivyo mila ilivyo: dada akiolewa, kaka anapata wa kuolea. Kwa maneno mengine mimi ndiye niliyemwozesha, na hata siku moja hakuwahi kuniambia wabeja, asante ya kwetu.

Mabati aliyataka kwa ajili ya paa la baraza. Na sharti niseme kweli, ingawa inaniuma, kwamba hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Paa letu lilikuwa la nyasi, na nyasi zilikuwa zimejaa viumbe. Siku moja Mtemi akiwa katikati ya hukumu ya wizi wa ng'ombe, mjusi alimwangukia shingoni. Mtemi aliruka, akapiga mikono hewani. Mshtakiwa alidhani ndiyo ishara ya kuachiwa huru, akashukuru, akaondoka. Hatujamwona mpaka leo.

"Tukiwa na mabati," shemeji alisema, "wezi watafungwa."

Nilisimama nikajibu kwa hotuba ambayo, mimi mwenyewe nikiwa shahidi, ilikuwa nzuri sana. Nilieleza jinsi mto wetu unavyokauka kiangazi ukabaki mchanga mtupu, na jinsi wake zetu wanavyotoka alfajiri kufukua mchanga ule, wakapiga magoti wakingoja maji yajikusanye, wakayachota kidogo kidogo kwa kibuyu. Sauti yangu ilitetemeka mahali pake. Mzee mmoja alifuta macho.

Shemeji akainuka taratibu. "Mtemi, shemeji yangu anatafuta maji, na mimi mvua ikinyesha humu ndani nayakimbia. Tuezeke mabati, naye aje akinge kwenye mchirizi."

Baraza zima lilicheka, na hotuba yangu ikafa palepale. Nilikasirika kiasi kwamba nilikaa bila kuangalia kigoda kilipo.

Tulikutana tena, na tena, bila kupiga hatua. Wala si kwa sababu watu walipima kisima na mabati wakashindwa kuchagua. Kwetu kila mtu ana ngoma yake. Wapo wanaocheza na nyoka, na wapo wanaochimba nungunungu mashimoni na kucheza na miiba yake kichwani. Ukishaingia upande mmoja na kunywa dawa yake hutoki mpaka kaburini, na upande wa pili kwako ni watu wa kuhurumiwa tu. Mimi nilikuwa wa nyoka na shemeji alikuwa wa nungunungu. Baraza lilikuwa limegawanyika katikati kabisa, na Mtemi, kwa heshima ya cheo chake, hakuwa upande wowote.

Kwa hiyo niliposema kisima, watu wote wa nyoka walisema kisima, hata yule aliyejenga kando ya chemchemi. Shemeji aliposema mabati, watu wote wa nungunungu walisema mabati. Mzee mmoja wa upande wao, ambaye masikio yalikuwa yamemchoka, aliuliza tunajadili nini. Alielezwa kwa kelele mpaka ndege wakaruka kwenye paa. Akatikisa kichwa, akasema vyovyote iwavyo yeye anapinga nyoka.

Karani wa hazina, kijana wa mjini mwenye tarabushi na baiskeli, alikuwa akituangalia kwa uchungu. Mshahara wake ulikuwa ndani ya makisio yale. "Wazee wangu," alituomba, "mimi nina mke mjini. Pale kila kitu kinanunuliwa, hata kuni. Pitisheni chochote! Pitisheni nyoka, pitisheni nungunungu, lakini pitisheni."

Tulimhurumia, tukaahirisha.

Nyumbani mke wangu alikuwa akinisubiri mlangoni, magoti yake yakiwa bado na mchanga wa mto. Aliniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, jambo alilolifanya akiwa amekasirika tu. Akiwa na furaha haniiti kabisa, maana anajua nitakuja.

"Baraza limesemaje?"

"Limeahirishwa."

"Na kiu nayo mmeiahirisha?"

Nilianza kumweleza juu ya nyoka na nungunungu. Yeye mwenyewe alizaliwa na watu wa nungunungu, nikadhani ataelewa ugumu wa jambo. Aliinua mkono nikanyamaza. Hilo baraza zima halijawahi kuliweza.

"Sikiliza. Mimi sifukui mchanga kiangazi kingine. Bwana Shauri akipanda garimoshi bila kisima kuandikwa, nyumba hii mmoja wetu atahama."

Alisema bila kupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Mwanamke yule nilimpenda, ingawa sikuwahi kumwambia, kwa kuwa wakati ule mtu hakuwa na mazoea ya kumwambia mkewe mambo kama hayo. Ugali wa siku ile sikuumaliza. Nilijiona nimebaki peke yangu katika nyumba ile, nikijipikia mlenda.

Kesho yake nilikwenda kwa Mtemi mapema, nikamkuta karani ameshafika na anakaribia kulia. Habari ilikuwa imekuja: Bwana Shauri angepita baada ya siku ya mnada, achukue makisio, na siku hiyo hiyo aendelee stesheni ya Shinyanga. Shemeji naye alifika akihema. Tulianza kubishana hata kabla ya kusalimiana vizuri.

Mtemi alitusikiliza mpaka akachoka. "Ninyi hamgombanii kisima wala mabati," alisema. "Mnagombania ngoma. Basi chezeni. Siku Bwana Shauri akija, kila upande uweke ngoma yake pale uwanjani. Watu watakakojaa zaidi, huko ndiko nitakakogonga muhuri."

Mgeni anaweza kuona kwamba huo ni wazimu, lakini kwetu hakuna aliyeshangaa. Baada ya mavuno ndivyo tulivyoshindana sikuzote: ngoma mbili uwanja mmoja, watazamaji wanakimbilia iliyo nzuri, na upande uliokimbiwa unafunga virago kwa aibu. Mimi nilifurahi. Upande wetu ulikuwa na chatu mkubwa kuliko wote tuliopata kuwaona, na kwa chatu yule nilikuwa na hakika ya kisima changu na mke wangu.

Kosa lilifanywa na mzee aliyemtunza. Alitaka chatu awe na nguvu siku ya mashindano, akampa mbuzi mzima. Mtu yeyote aliyewahi kufuga chatu angemwambia, na ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa amewafuga maisha yake yote. Alisema baadaye kwamba alipitiwa na furaha.

Siku ilipofika, tulimtoa nyota wetu kwenye kapu lake akiwa amelala, na tumbo limevimba katikati. Wanaume sita walimbeba wakizunguka uwanja huku wakiimba kwamba chatu wetu ni mkali. Chatu hakutikisa hata mkia. Watoto walimsogelea, wakamgusa tumbo, wakaanza kubahatisha ni mbuzi wa nani.

Upande wa pili shemeji alikuwa amefunga miiba ya nungunungu kichwani, kiunoni, na hata kwenye mikono. Ngoma zao zilipolia alijitupa chini akabiringika, mtu mnene vile, akainuka akatikisa miiba yote kwa pamoja, akabiringika tena. Nasema kweli, ilipendeza. Watu walianza kumwagika kwenda kule. Nilipiga kelele nikiwakumbusha juu ya maji, mchanga na magoti ya wake zao, na wake zao wenyewe walinipita wakikimbilia nungunungu. Hata mpiga ngoma wetu alikuwa akipiga huku shingo imegeukia kule.

Katikati ya vumbi hilo motokaa ya Bwana Shauri iliwasili. Alishuka na kofia yake ngumu ya jua, akatabasamu, akapunga mkono pande zote mbili, maana alidhani tumeandaa mapokezi yake. Kisha akamuuliza karani makisio yako wapi.

"Yanapitishwa sasa hivi, Bwana," karani alijibu.

"Na nani anahesabu kura?"

"Miguu, Bwana."

Bwana Shauri alitazama saa yake ya mfukoni, akatazama tena watu, akaamua kutouliza zaidi.

Hapo ndipo nilipomwona mke wangu. Alikuwa anakatiza uwanja peke yake, polepole, mtungi wa kuchotea maji kichwani na furushi kubwa kwapani. Alinipita bila kunitazama, akaelekea kwa watu wa nungunungu. Nikajua yamekwisha. Nikakaa, na safari hii kigoda hakikuwepo kabisa.

Aliingia katikati ya duara lao. Akautua mtungi miguuni pa kaka yake, akalitua furushi juu ya mtungi, akafunga kaniki yake vizuri, akasimama. Ngoma zilinyamaza moja baada ya nyingine. Kwetu mwanamke akiingia kwa kaka yake na mtungi na furushi, hana haja ya kueleza.

Shemeji alikuwa chini, katikati ya kubiringika. Akabaki hapohapo. "Dada," alisema, "hapa ni ngomani."

"Nimeona. Umeshinda, kaka, hongera. Furushi hili litakaa kwako."

Kabla hajajibu, watu walipasuliwa katikati na mwanamke mmoja aliyekuja kwa kasi. Alikuwa mke wa shemeji. Yeye alikuwa amefikiri haraka kuliko wanaume wote pale uwanjani. Dada akirudi kwao, ng'ombe wa mahari hurudi kwa mume aliyeachwa, na ng'ombe wale walikuwa wameshaoa mke mwingine. Alimshika mumewe, akaanza kumchomoa miiba ya kichwani mmoja mmoja.

"Ng'ombe za watu utazitoa wapi?" alimuuliza. "Ehe? Zizini kwako kuna nini? Zile ng'ombe ndiyo mimi! Unataka nikae wapi mimi, juu ya mabati?"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko, upande wa nyoka na upande wa nungunungu, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza tulipocheka pamoja. Bwana Shauri naye alicheka, ingawa hakuna aliyekuwa amemfasiria. Shemeji alimtazama dada yake, akamtazama mkewe, akanitazama mimi niliyekaa mavumbini. Akainuka, akajipangusa tumbo.

"Watu wa nungunungu," alianza kwa sauti ile ya barazani, "baada ya kulifikiria jambo hili kwa kina na kwa muda mrefu..."

Hawakumwacha amalize. Kwa hiyo akafanya lililobaki: alianza kucheza kuja upande wetu, huku mkewe akimsukuma mgongoni. Mchezaji mkuu akihama, watu humfuata. Uwanja wote ulihama, vumbi na vigelegele, ukatumwagikia sisi wa nyoka mpaka tukakosa pa kusimama. Karani alikimbia na kisahani cha wino, Mtemi akagonga muhuri, na kisima kikawa kimeandikwa.

Kelele zile zilimwamsha chatu. Aliinua kichwa, akaona watu wengi kuliko alivyopenda, akajikokota na mbuzi wake mpaka kwenye kivuli kilichokuwa karibu, ndani ya motokaa ya Bwana Shauri, chini ya usukani. Bwana Shauri aliweka sahihi akiwa amesimama mbali na bila kusoma. Ilitubidi tumtoe chatu kwa kamba, wa nyoka na wa nungunungu tukivuta pamoja, na tarishi alituambia baadaye kwamba Bwana Shauri alilidandia garimoshi likiwa limeanza kuondoka.

Mwaka uliofuata tulimpa shemeji mabati yake bila ubishi. Mvua ya kwanza iliponyesha, paa lile lilipiga kelele kiasi kwamba hakuna mjumbe aliyemsikia mwenzake, hata shemeji na sauti yake. Tangu siku hiyo mvua ikinyesha tuliahirisha kikao. Kisima kilichimbwa na kijana aliyerudi kutoka Geita, mwenye ujuzi wa kuteremka ardhini bila kufukiwa. Alitukana njia nzima ya kwenda chini, alipofikia maji akaomba apewe suruali kavu. Watu wakakiita kisima kile kwa jina langu.

Lakini nirudi kwenye jioni ile ya ngoma. Tulirudi nyumbani wawili, jua likielekea kuzama, yeye mbele na mtungi mtupu, mimi nyuma na furushi. Nilikuwa mwepesi wa moyo. Nilikuwa nikipanga kichwani jinsi nitakavyosimulia hotuba zangu zilivyoshinda. Nikamwambia nilijua tangu mwanzo kwamba hangeweza kuniacha.

Akaendelea kutembea. Ndipo nilipoona furushi ni zito mno kwa kaniki mbili za mwanamke, tena linanuka ugoro. Nikalitua njiani, nikalifungua. Ndani mlikuwa na blanketi langu. Mlikuwa na kanzu yangu ya barazani, imekunjwa vizuri, na kibuyu changu cha ugoro, na ndala yangu moja ya ngozi; nadhani nyingine hakuiona.

"Hizi ni nguo zangu," nilisema.

"Ndiyo."

"Ulisema mmoja wetu atahama."

"Nilisema. Nani alikwambia ni mimi?" Aligeuka akanitazama, na hakuwa akitania. "Nyumba ile nimeikandika mimi. Udongo niliukanda kwa maji niliyoyabeba kichwani kutoka mtoni, mtungi baada ya mtungi, na wewe uko barazani umekaa. Ningeiacha niende wapi? Wewe ndiye ungekwenda kwa kaka, mkakae wawili chini ya mabati yenu, mkahutubiane."

Nilisimama pale na ndala moja mkononi. Nilikuwa naijua nyumba yangu, ukuta kwa ukuta, na sikuwahi kufikiri kwamba ule udongo ulikuwa na maji ndani yake.

"Mtungi ni mtupu," alisema. "Na nyumbani hakuna maji. Kisima chako bado kiko kwenye karatasi."

Akaniwekea mtungi kichwani, mimi mwanangwa, mwanamume mzima, mbele ya wanaume waliokuwa wakirudi kutoka ngomani. Walicheka mpaka wakashikana. Yeye alichukua furushi langu akalirudisha nyumbani, na mimi nikateremka mtoni.

Nilipiga magoti, nikafukua mchanga kwa mikono kama nilivyokuwa nikieleza barazani, na shimo likabaki kavu. Nikafukua zaidi. Maji yalianza kujikusanya chini, kidogo mno, mekundu ya tope, hayatoshi hata kujaza kiganja. Nikangoja na kibuyu mkononi, magoti yakaanza kuuma, na nikaendelea kungoja.